Toa hiyo "soft" leo, kabla hujapakia picha nyingine

Umeuliza kama studio yako ya Nakuru itumie NFS au SMB, zile njia mbili za kompyuta kutumia diski ya seva kupitia mtandao, lakini mimi macho yamekwama kwa mstari wako wa mwisho: fundi amekwambia uweke "soft" kwenye mipangilio ya NFS ili kompyuta zisigande stima ikipotea. Mimi niliambiwa hivyo hivyo hapa Kisumu.

Seva yetu ya Linux iko chumba cha nyuma, kompyuta mbili za Linux ziko mbele, zinatumia diski yake kwa NFS. Fundi aliandika soft,timeo=30 (timeo ni muda wa kungoja jibu la seva), akasema ni sekunde 30. Si kweli! Namba hiyo huhesabiwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hivyo ni 3. Jumamosi tukipakia picha za harusi ya Ahero, stima ikawa inapotea na kurudi. Kompyuta za mbele zilikuwa na UPS (betri ya akiba), seva haikuwa nayo. Kwa "soft", kompyuta hujaribu mara chache, ikikosa jibu inairudishia programu kosa na kuachana na kazi. Skripti yetu ya kunakili haikuangalia makosa. Ilifika mwisho, ikafuta kadi ya kamera.

Jumapili tukapiga picha za kanisani kwa kadi ile ile. Jumatatu nafungua faili: bibi harusi anaonekana hadi shingoni, chini yake ni kijivu kitupu. Picha ya pete, vivyo hivyo. Mama yake alikaa mbele ya skrini akaniuliza, "Mwanangu, zingine ziko wapi?"

Na mwongozo wenyewe, man nfs, unaonya kwamba "soft" inaweza kuharibu data kimyakimya. Mtu analipwa kwa kazi hii, anashindwaje kuusoma? Bado nina hasira naye.

Weka "hard" mahali pa "soft". Programu itaganda hadi seva irudi, kisha itaendelea ilipoachia. Huko kuganda ndiko kunakookoa picha. Kwa mipangilio ya seva, hakikisha hakuna "async", maana hiyo hujibu "nimeandika" kabla data haijafika kwenye diski. UPS ya kwanza iwe ya seva.

Kompyuta za Windows zipe SMB kupitia Samba, programu ya SMB ya seva za Linux, ila zima toleo la 1 la SMB. Kirusi cha WannaCry kilipitia humo mwaka 2017.

Kubadilisha fstab, faili lenye mstari wa mipangilio hiyo kwenye kompyuta, pekee hakutoshi, fanya umount (tenganisha diski) kisha mount (iunganishe) upya. Ukimaliza, bandika mstari wako wa fstab hapa niuone.