Dhoruba ya vumbi imepita, mbona kila asubuhi nakuta vumbi jipya?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Wiki hii tumepigwa na dhoruba kubwa ya vumbi. Nimefagia nyumba nzima na kupangusa samani, lakini kila asubuhi meza ina vumbi tena, na mwanangu mwenye pumu anakohoa usiku. Nifungue madirisha au niyafunge? Na hizo mashine za kusafisha hewa zinasaidia kweli, au nitapoteza pesa?

JIBU: Pole sana, mama, na mtoto mpe pole. Nianze na yeye. Akipumua kwa shida, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au dawa yake ya kuvuta isipomtuliza kama kawaida, mpeleke hospitali mara moja. Usafi wa nyumba utasubiri.

Vumbi unalokuta asubuhi, kwa sehemu kubwa, ni lile lile la dhoruba. Ufagio mkavu uliliinua, likazunguka hewani, likatua tena. Punje ya mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hudondoka kutoka darini hadi sakafuni kwa dakika chache tu. Punje ya mikromita 1 huchukua saa kadhaa hata hewa ikiwa imetulia kabisa, na nyumba yenye watu haitulii. Hizi ndogo, za mikromita 2.5 kushuka chini, ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na huzioni kwa macho. Kwa hiyo meza kung'aa si ushahidi kwamba hewa ni safi.

Kuhusu madirisha, jibu liko nje. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa punje za mikromita 2.5 (PM2.5), na 45 kwa zile za mikromita 10 (PM10). Kama kuna kituo cha kupima hewa karibu nawe, angalia namba hizo kwenye simu. Kama hakipo, tazama majengo au vilima vya mbali: vikiwa bado na ukungu wa rangi ya udongo, funga. Vikionekana vizuri na upepo umetulia, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, na hapo ndipo uanze usafi. Kukaa umefunga siku nyingi baada ya nje kutakata ni kujifungia na vumbi.

Kabla ya kugusa sakafu, nenda kwenye nyavu za madirisha na reli zake. Watu wengi huzisahau, nami nashuku ndiko inakotoka sehemu nyingine ya vumbi lako la asubuhi, maana upepo kidogo tu hulisukuma ndani. Zifute kwa tambara lenye maji. Kisha feni ya dari: usiiwashe kabla hujaisafisha. Vika kila panga foronya kuukuu iliyoloweshwa kidogo, ukiivuta vumbi linabaki ndani yake. Kiyoyozi nacho, toa chujio, lioshe na lirudishe likiwa limekauka kabisa, la sivyo utaotesha kuvu. Shuka na mapazia yafue, usiyakung'ute ndani. Sakafu iwe ya mwisho, kwa deki na maji yanayobadilishwa mara kwa mara. Mashine ya kufyonza vumbi itumie tu ikiwa na chujio la HEPA, yaani lile linalonasa hata punje ndogo sana. Ya kawaida hunasa punje kubwa na kuzipuliza zile ndogo kwa nyuma. Vaa barakoa ya N95 au FFP2, na mtoto awe mbali wakati huo wote.

Sasa mashine ya kusafisha hewa. Inasaidia, na kwa mtoto mwenye pumu ningeinunua, ila kwa hesabu. Chukua urefu mara upana mara kimo cha chumba chake. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha 2.7 kina mita za ujazo 43 hivi. Ukitaka hewa yote ipite kwenye chujio mara 5 kwa saa, unahitaji mashine yenye CADR, yaani kiasi cha hewa safi inayotoa, ya takriban mita za ujazo 215 kwa saa. Namba ikiandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Chujio liwe HEPA halisi. Usikubali kabisa mashine inayojisifu kwa kutoa ozoni. Gesi hiyo inachoma njia za hewa, na kwa mwenye pumu ni hatari.

Bei ikikushinda, kuna njia iliyobuniwa Marekani mwaka 2020 na Richard Corsi na Jim Rosenthal: feni ya mraba inayofungwa juu ya sanduku la vichujio vya daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa chujio kunasa punje). Mishale ya vichujio ielekee ndani ya sanduku, feni ipulize kuelekea nje ya sanduku, na kila upenyo uzibwe kwa gundi ya utepe. Inafanya kazi vizuri.

Weka kifaa chochote utakachopata kwenye chumba anacholala mtoto, mlango umefungwa, kwa kasi kubwa saa moja kabla hajalala, kisha ukiache kikiendelea usiku kucha. Humo ndani usichome dawa ya mbu, mshumaa wala sigara mpaka kikohozi kiishe, na midoli yake ya manyoya ifuliwe pamoja na shuka.