Usizisome Namba za Mashine Nyingine Kabla ya Kujua Zilivyoandikwa

Kazi yangu ni kuandika programu za kusoma data za mitetemo ya ardhi, nyingi zikiwa zimerekodiwa kwenye tepu zamani, na imenifunza kutoiamini namba yoyote kabla ya kujua mpangilio wa biti zake.

Kompyuta za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, ziliandika namba za nukta inayoelea, yaani namba zinazohifadhiwa kama tarakimu zikizidishwa kwa kizio kilichopandishwa hadi kipeo fulani, kwa kizio cha 16, zikiwa na biti 7 za kipeo na 24 za tarakimu, ilhali IEEE 754, kiwango cha kuandika namba hizo cha mwaka 1985, kinachofuatwa na takriban kompyuta zote za sasa, hutumia kizio cha 2, biti 8 za kipeo na 23 za tarakimu. Kwa kuwa kila namba, pamoja na biti moja ya alama ya chanya au hasi, huchukua biti 32 katika mipangilio yote miwili, faili hufunguka bila kosa lolote. Hata hivyo, 1 ya IBM ikisomwa kwa utaratibu wa IEEE huwa 9, na 100 huwa 57. Sifuri hubaki sifuri, hasi hubaki hasi, na iliyo kubwa hubaki kubwa kuliko ndogo, kwa hiyo vilele vya mawimbi huonekana mahali pake huku ukubwa wake ukiwa wa uongo. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko programu inayokwama, kwa sababu mtaalamu anaweza kufanya uamuzi juu ya mchoro huo.

Katika faili la SEG-Y, mpangilio wa kuhifadhi data za mitetemo ya ardhi, angalia kwanza baiti ya 3225 na ya 3226: 1 humaanisha IBM, 5 humaanisha IEEE. Usiishie hapo, maana zipo programu zinazoandika IEEE na kuacha 1 palepale; tafuta thamani unayoijua kwa njia nyingine uipime. Panga baiti upya ikiwa prosesa yako huanza na baiti ndogo (little-endian), yaani huweka mbele baiti yenye uzito mdogo zaidi katika namba, kisha geuza namba mara moja tu, mwanzoni mwa programu, uziweke katika biti 64. IBM ya biti 32 hufika takriban 7.2 × 10⁷⁵, wakati IEEE ya biti 32 huishia 3.4 × 10³⁸. Katika biti 64 kila moja huingia kamili, bila kukadiriwa.

Unapolinganisha matokeo na yale ya mashine ya zamani, kumbuka kwamba kizio cha 16 huweza kuacha hadi biti 3 tupu mwanzoni mwa tarakimu, hivyo usidai usahihi unaozidi tarakimu 6 za desimali.