SME 3009 ya mtumba: kabla hujatoa hela, shika beringi

Mkuu, umesema kuna mzee Upanga anauza mkono wa gramafoni, SME 3009, kwa laki tisa, unataka kuufunga kwenye gramafoni yako ya Thorens TD 160 pamoja na katriji (kile kijisanduku chenye sindano) ya Denon DL-103, na umeuliza uangalie nini. Nimeshanunua mikono mitatu ya mtumba, na wa kwanza ulinitia hasara, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Ule wa kwanza ulikuwa Rega RB300, niliuagiza kutoka Uingereza kwa kuangalia picha. Rangi ilikuwa safi, hauna hata mkwaruzo. Muuzaji aliufungasha bila kutoa jiwe la nyuma, lile la kusawazisha mkono, likawa linapigapiga safari nzima hadi Dar, na mshtuko wote ukaenda kwenye beringi ambazo mkono huzungukia. Nilipoweka santuri ya Morogoro Jazz, sauti ya mwimbaji ilikuwa inachanika kwenye kila "s". Nikadhani sindano imekwisha, nikanunua nyingine, tatizo likabaki palepale. Fundi saa mmoja Kariakoo ndiye aliyenifumbua macho. Alishika kichwa cha mkono, pale katriji inapofungwa, kwa vidole viwili, akakisukuma mbele na nyuma taratibu, akaniambia nisikilize. Kulikuwa na mlio mdogo sana, tik, tik. Beringi za RB300 hukazwa kiwandani kwa kipimo cha makini mno, si kitu cha kugusa na bisibisi nyumbani. Niliumia, maana nilikuwa nimelipa usafiri, ushuru na VAT juu yake.

Kwa hiyo kwa mzee anza na beringi. Usawazishe mkono mpaka uelee wenyewe, haupandi wala haushuki, na uondoe kile kijiwe cha uzi kinachouzuia usivutwe kuelekea katikati ya santuri. Kisha upulizie pumzi ndogo. Unatakiwa uende polepole na usimame kwa ulaini. Ukigoma mara zote mahali pamoja, beringi ina uchafu au imeumia.

Ila usiuhukumu SME kwa kipimo cha Rega. Kwa kwenda kushoto na kulia una gololi, lakini kwa kupanda na kushuka umelala juu ya makali ya kisu, kama mizani ya sonara. Ukiuinua kidogo na kuuhisi unanyanyuka kwenye kitanda chake, huo si ugonjwa, ndivyo ulivyoundwa. Nimeona watu wakikataa mkono mzima kwa sababu hiyo. Ugonjwa ni kisu kuliwa au kupasuka, hasa kwenye matoleo ambayo kisu ni cha nailoni. Mwombe mzee akuruhusu kumulika na tochi.

Halafu utazame ukiwa umesimama pembeni. Mkia unaobeba jiwe umeunganishwa kwa raba, na raba ikizeeka mkia unalegea na kuinama. Hilo lisikutishe, raba hubadilishwa, lakini ni sababu halali ya kuomba punguzo. Angalia pia pini nne zinazokutana na kichwa. Upanga iko karibu na bahari na unyevu hauna huruma, pini hupata ukungu wa kijani na upande mmoja wa sauti unapotea. Beba multimita, upime waya mmoja mmoja kutoka kichwani hadi kwenye plagi, katriji ikiwa imetolewa kabisa. Kile kijiwe cha uzi nacho kiwepo, hupotea sana.

Sasa kuhusu DL-103, hapo ndipo ningesita. Ile katriji ina gramu 8.5, sindano yake ni ngumu kuyumba na hukandamizwa kwa gramu 2.5. Inataka mkono mzito. SME 3009 ziko za aina kadhaa, na ile Series II Improved ambayo kichwa chake hakitoki ina uzito tendaji (uzito ambao sindano huuhisi inapousukuma mkono) wa gramu 6.5 tu. Ilitengenezwa kwa katriji ambazo sindano yake huyumba kwa ulaini, kama Shure V15. Ukifunga DL-103 humo, mtikisiko wa asili wa mkono na sindano unapanda juu ya zile 8 hadi 12 Hz (mitikisiko kwa sekunde) tunazotafuta, na besi inakosa utulivu. Kama wa mzee una kichwa kinachotoka, unaweza kuweka kichwa kizito zaidi ukapona. Kama hakitoki, mimi ningeuacha, au ningeununua na kutafuta katriji nyingine.

Kwenye Thorens utahitaji ubao mpya wenye tundu refu, si la duara, kwa sababu kitako cha SME huteleza mbele na nyuma wakati wa kupima. Seremala wa Keko atakukatia, mpelekee kipimo cha karatasi.

Bei? SME waliacha kuuza mikono peke yake mwaka 2019, kwa hiyo mizima haitashuka. Laki tisa ningelipa kama kisu ni kizima na kichwa kinatoka. Mkielewana, toa jiwe la nyuma na kichwa hapohapo mezani kwake, vifunge kila kimoja peke yake, na mkono uufunge kwa uzi kwenye kishikio chake kabla hujapanda bodaboda.