Muulize Afande: "Mwanangu anakwenda Kiganjo. Ataambiwa aingie au angoje?"

SWALI: Shikamoo afande. Mwanangu wa pili amechukuliwa polisi, mwezi ujao anaripoti chuo cha polisi cha Kiganjo. Jirani yetu alikuwa Westgate, lile jengo la maduka Nairobi, siku magaidi waliposhambulia mwaka 2013, na kila akihadithia husema polisi walisimama nje huku watu wakiuawa ndani. Mumewe humjibu kwamba askari naye ana mama, hawezi kujitupa mbele ya bunduki. Mimi nawasikiliza, usiku silali. Mtoto ana miaka 21. Likitokea tena, atafundishwa aingie au angoje?
*Mama Kurutu, Malindi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kijana. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana nimefundisha makurutu miaka mingi na swali hili mama zao hawakuwahi kuniuliza. Labda walikuwa na haya.

Jirani yako ana haki ya uchungu wake, lakini kuna walioingia. Jumamosi ile, tarehe 21 Septemba, milio ilianza kama saa sita u nusu mchana. Waliotangulia ndani hawakuwa kikosi. Walikuwa askari wachache wenye nguo za kiraia, pamoja na raia wenye leseni za bastola. Mbele yao watu wanne wenye AK-47. Walipita duka kwa duka wakitoa kina mama na watoto waliojificha. Hakuna aliyewapa amri. Nawaheshimu mpaka leo.

Kilichoharibika kilikuja baadaye. Alasiri waliingia Recce, wale makomando wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, waliofunzwa kwa kazi hiyo hasa. Na jeshi, KDF, nalo likaingia. Vikosi viwili ndani ya jengo moja, bila kamanda mmoja juu yao. Wanajeshi wakawafyatulia risasi Recce, na kamanda wa Recce akafa. Recce wakatoka. Wauaji wakapata muda wa kujipanga, na serikali haikutangaza mwisho mpaka Jumanne, tarehe 24. Watu 67 walikufa. Wengi waliuawa saa za mwanzo, hilo nalijua, lakini yule kamanda hakupaswa kufa kwa risasi ya mwenzake.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nililiona kabla, kwenye mazoezi. Tulikuwa na jengo bovu la ghorofa moja, tukagawa makurutu mafungu mawili, na risasi za baridi. Fungu moja liingie mlango wa mbele, jingine wa nyuma. Redio zao nilikuwa nimeziweka kwenye masafa tofauti kwa makusudi, nione watafanya nini. Hawakufika hata ngazini. Kijana mmoja alitokea kwenye kona, mwenzake akamwona kivuli tu, akafyatua. Tungekuwa na risasi za moto, ningemwandikia mama barua jioni ile. Niliwakalisha chini, nikawauliza: nani alikuwa mkubwa wenu humu ndani? Kila fungu likataja mtu wake. Basi siku iliyofuata hatukugusa bunduki. Tulishinda tukifundishana kupaza sauti: "Polisi! Naingia kulia!" na mwenzako akujibu kabla hujakanyaga.

Sasa aingie au angoje? Inategemea mtu aliye ndani anafanya nini, na hapo ndipo askari wengi duniani wamepotea. Kuna mtu aliyejifungia na mateka, anazungumza, anadai gari au fedha. Huyo mzingire, tafuta wa kuongea naye, ngoja. Kila saa inayopita bila risasi ni faida yako. Lakini kuna mtu aliyekuja kuua tu. Huyo hana cha kudai, na kila dakika unayokaa nje anaitumia.

Marekani walijifunza hivyo Columbine, tarehe 20 Aprili 1999. Polisi walizingira shule, kama walivyofundishwa, wakangoja kikosi maalumu. Kikosi kiliingia dakika 47 baada ya risasi ya kwanza. Mwalimu mmoja alivuja damu kwa saa kadhaa darasani, wanafunzi wakimfunga kwa mashati yao, akafa. Baada ya hapo mafundisho yakageuka: wa kwanza kufika ndiye aingie. Na bado, tarehe 24 Mei 2022, kwenye shule huko Uvalde, Texas, kiongozi wa polisi aliyekuwa pale alimhesabu muuaji kama mtu aliyejifungia. Askari 376 walifika. Dakika 77 zikapita kabla hawajamkabili. Watoto 19 na walimu wawili wamekufa. Askari wale hawakukosa bunduki, wala hawakukosa mafunzo.

Kwetu, Garissa ilituumiza kwa namna nyingine. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia chuoni alfajiri; Recce, ambao makao yao ni Ruiru, waliingia kazini jioni, na wakamaliza kwa muda mfupi sana. Watu 148 walikuwa wamekufa, karibu wote wanafunzi. Unaweza kuwa na kikosi hodari namna gani, kama kiko mbali na ndege haijaruka, wa kutegemewa ni konstebo wa kituo cha karibu. Ndiyo maana swali lako ni la mwanao hasa.

Hoteli ya Dusit, Nairobi, iliposhambuliwa Januari 2019, tulifanya vizuri zaidi, nami nilikaa mbele ya televisheni nikilia. Askari wa kwanza hawakungoja. Recce wakaongoza, watu zaidi ya 700 wakatolewa. Walikufa 21, na mmoja wao ni polisi.

Kwa hiyo ndiyo, mama, nataka afundishwe kuingia. Ila si peke yake akiweza kupata wawili au watatu, na asiingie kabla ya kusema redioni yuko mlango gani na amevaa nini. Atawapita majeruhi wakimshika miguu, mpaka risasi zinyamaze. Hilo ni gumu kuliko kupigwa risasi, na asipoambiwa mapema litamvunja siku hiyo. Halafu arudi awafunge majeraha. Makurutu hupenda uwanja wa shabaha na husinzia kwenye huduma ya kwanza. Mwambie wako asisinzie. Ajue kukaza mkanda juu ya jeraha la paja gizani, kwa mkono mmoja, mpaka damu isimame. Akirudi likizo, mwambie akuonyeshe kwa leso yako.

SWALI: Afande, mimi ni mlinzi kwenye duka kubwa hapa Nyali. Sina silaha, nina kirungu na filimbi. Polisi wakifika nifanye nini nisije nikapigwa mimi?
*Mlinzi wa Lango la Pili*

JIBU: Ndugu yangu, usiwakimbilie. Tembea, mikono juu, vidole wazi, kirungu kiwe chini. Watakusukuma, watakupekua, vumilia, hawakujui. Kisha waambie kwa ufupi: wangapi umewaona, wamevaa nini, wameelekea wapi, milango ipi imefungwa. Wewe unalijua jengo kuliko wao. Kesho ukiingia zamu, pita nyuma ya kila duka uone ni mlango gani unafunguka kwa nje na ufunguo wake anao nani. Mwombe meneja ramani ya jengo iwekwe langoni, si ofisini kwake ghorofani. Akikataa, ichore mwenyewe kwa kalamu, ukunje, uiweke mfukoni mwa sare.