Ndiyo, paka wangu anaitwa Edith

Ndugu zangu, tangu niwatumie ile picha mnaniuliza swali moja: kwa nini nimempa paka jina la binadamu, tena la bibi mzima? Na je, Uingereza imeshanibadilisha? Nawajibu bila kuficha.

Huku ni jambo la kawaida. Utakutana na mbwa aitwaye Charlie, Alfie au George na hakuna atakayeshtuka. Hata serikalini ni hivyohivyo. Paka wa ofisi ya waziri mkuu anaitwa Larry, yupo pale tangu 2011, mawaziri wakuu wanakuja na kuondoka wakimwacha. Wizara ya fedha ilimwita paka wake Gladstone, ya mambo ya nje ikamwita wake Palmerston. Hayo ni majina ya viongozi wakubwa wa karne ya 19 waliowahi kuongoza wizara hizohizo, kwa hiyo majina yale yalikuwa ya heshima.

Nilipompeleka Edith kwa daktari wa wanyama, dada wa mapokezi alimwita kwa jina lake, akamalizia na jina la ukoo wetu. Moyo ulinidunda, maana jina hilo nimezoea kulisikia likifuata majina yenu. Lakini ndivyo wanavyoandikisha: la mnyama, kisha la familia inayomdhamini. Na dhamana hiyo ina nguvu ya sheria. Tangu 10 Juni 2024, paka wa kufugwa hapa England lazima awekewe chipu, yaani kifaa kidogo chenye namba yake, chini ya ngozi kabla hajafikisha wiki 20, ili akiokotwa ajulikane ni wa nani. Ukimtesa au kumtelekeza, unashtakiwa.

Mnajua kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Bibi mmoja ana mbwa aitwaye Stanley. Asubuhi nikifungua mlango namsikia akisema, "Stanley, mgeni wetu amefika," na mbwa anainua sikio moja, anajivuta pembeni kunipisha. Watoto wa bibi wako mbali. Kuna siku Stanley ndilo jina pekee linalotamkwa mle ndani mpaka nirudi jioni. Tangu nilione hilo, siwezi tena kucheka jina la mnyama wa mtu.

Mipaka ninayo. Sikuchukua jina la mtu ninayemfahamu, hai wala marehemu. Mama asije akasikia jina lake nikimwita paka ateremke kabatini. Edith ni jina fupi, analisikia na kugeuka. Tena ni jina la heshima, na anastahili, kwa kuwa nikitoka zamu ya usiku ni yeye anayenipokea.

Na wewe mjomba, uliyeuliza kama nimemweka badala ya mtoto: hapana. Mtoto namtaka sana, namwomba Mungu kila siku, na akija atamkuta Edith nyumbani.