Kwa Wanaoanza Kutafiti Zanzibar ya 1964

Ndugu mnaoanza utafiti wa historia ya visiwa vyetu, zitenganisheni mapema serikali ambazo maandishi mengi huzichanganya. Ile iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Mohammed Shamte, ilitokana na ushirika wa vyama vya Hizbu (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) baada ya uchaguzi wa Julai mwaka huo, ambapo chama pinzani cha Afro-Shirazi kilipata kura zaidi ya nusu lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Mkiandika kura bila viti, au viti bila kura, mtakuwa mmekwisha kuchagua upande kabla hamjamhoji mtu yeyote.

Serikali hiyo iliangushwa kwa mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na iliyofuata ndiyo inayostahili muda wenu mwingi. Baraza la Mapinduzi, chini ya Rais Abeid Amani Karume, lilishika kwa pamoja kazi ya kutunga sheria na ya kuzitekeleza, na ingawa utaratibu huo ulianza kama wa muda, Zanzibar haikupata katiba nyingine hadi 1979, wala Baraza la Wawakilishi hadi 1980. Kwa hiyo mkifika Nyaraka za Taifa pale Kilimani msitafute mijadala ya bunge ya miaka hiyo, kwa kuwa bunge halikuwapo. Anzeni na sheria zilizotolewa kwa amri, mkiangalia kila moja imetiwa saini na nani na lini, na ipi ilitangulia Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, uliohamishia mambo ya nje na ulinzi katika serikali ya pamoja na Tanganyika.

Uangalifu huo utawasaidia pia kumweka mahali pake John Okello, aliyejiita Field Marshal wa mapinduzi. Sauti yake ndiyo iliyosikika redioni siku za mwanzo, na wazee wengi humkumbuka kwayo, lakini kuendesha serikali kuliwaangukia akina Karume, Abdallah Kassim Hanga na Abdulrahman Babu, naye Okello kabla ya Muungano alikwisha kuondoshwa.

Mnapokwenda kwa wazee, ulizeni kwanza mtu alikuwa Unguja au Pemba, mjini au shamba, kwani waliokuwa Pemba hawakuyaona kwa macho mapigano ya usiku wa mapinduzi mjini Unguja. Swali la chama liacheni mpaka kahawa ya pili, na likikwepwa, msilirudie.