Krimu ya hariri na ngozi inayopauka na baridi

Swali: Habari mfamasia, niko Njombe, ikifika Juni ngozi inapauka na miguu inapasuka. Kuna dada anauza krimu ya protini za hariri, anasema inaingia mpaka ndani inajenga ngozi mpya, bei ni mara tatu ya losheni yangu. Ni kweli au napigwa?

Jibu: Pole na baridi dada yangu, hata huku Uyole asubuhi si mchezo. Hariri kwenye krimu inafanya kazi kweli, ila sio hiyo aliyokuambia.

Iko hivi, uzi wa hariri unaotolewa na kiwavi una protini mbili, fibroini ndo uzi wenyewe halafu serisini ni gundi inayoushika, kama robo hivi ya uzito, wakichemsha vifuko anavyojisokotea huyo kiwavi kwa sabuni ili wapate uzi wa kitambaa gundi inatoka. Sasa karibu theluthi ya serisini ni amino asidi (yaani kipande kidogo kinachojenga protini) inaitwa serini, na kati ya amino asidi zinazoshika unyevu kwenye ngozi yako mwenyewe serini ndo inaongoza, inapenda maji sana. Ndo maana ukipaka unasikia ngozi imelainika. Lakini inabaki juu! Kinachopenya ngozi kwa kawaida ni kitu kidogo chini ya daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), serisini nzima inahesabika kwa makumi elfu, hata ikikatwakatwa vipande vingi bado ni vikubwa. Inatandaza utando mwembamba basi, kujenga ngozi mpya hapana.

Na huko kwenu Juni hewa ni kavu na upepo juu, maji yanatoka kwenye ngozi haraka, hariri inayashika ila haizibi njia. Oga maji ya uvuguvugu, jifute kidogo tu, paka krimu ngozi ikiwa bado na majimaji halafu juu yake mafuta ya mgando, visigino usiku vaa na soksi. Watu wengi mgando wanauruka eti unang'aa sana, nakusihi usiuruke.

Kuhusu bei, geuza kopo usome viambato, vinapangwa kuanzia kilicho kingi, ukikuta silk au sericin iko mwishoni karibu na pafyumu ujue ni chembe tu. Glisarini nayo inashika maji vizuri na bei yake ndogo, mi ningeanza na hiyo, ichanganye na maji kwanza usiipake kavu kavu. Ukinunua ya hariri ijaribu ndani ya mkono siku mbili, wapo wanaowashwa na protini hizi. Na kama miguu inapasuka mpaka damu, au una kisukari, usihangaike na krimu, nenda hospitali wakuone.